Cleve Pettaway na Mtoto wa Radi

Mwezi wa nne, kusini mwa Alabama, chavua ya misonobari hushuka kama unga wa manjano na kutanda juu ya magari, viti na kofia za watu. Cleve Pettaway alifuta kiti kwa kitambaa alichokuja nacho, akaketi kwenye uwanja wa besiboli wa shule, upande wa kituo cha kwanza, katikati ya akina mama wa wachezaji. Wasaka vipaji wengine, na Alhamisi ile walikuwa wengi kuliko walimu wa shule yenyewe, walijipanga nyuma ya wavu, mgongoni mwa mdakaji, mashine za kupima kasi mikononi, kama kunguru juu ya waya.

"Cleve!" Dutch Hanley alimwita kutoka kule. "Huko kwa akina mama wanagawa keki?"

"Wanagawa akili," Cleve akajibu. "Ningekuombea kipande, ila najua hujazoea."

Kunguru wote wakacheka. Dutch alikuwa Mzungu mzee wa klabu nyingine, na wawili hao walikuwa wamekula pamoja kwenye mabanda ya barabarani miaka mingi, wakicheka kama ndugu, kila mmoja akimficha mwenzake anachokijua.

Wote walikuwa wamemjia mtoto mmoja, Dorian Lockridge, kijana wa mwaka wa mwisho, mlinzi wa katikati ya uwanja wa nyuma. Kusema kweli hawakumjia Dorian. Walilijia jina. Baba yake, Royce Lockridge, ndiye yule ambaye nchi nzima ilimwita Radi, kwa jinsi rungu lake lilivyolia kabla ya mpira kupotelea nyuma ya ukuta. Alipostaafu alirudi kujenga nyumba palepale alipozaliwa, na kila mchezo wa mwanawe alisimama mahali pamoja, kwenye uzio, hatua chache kutoka anapopigia mwanawe, mikono kaikunja, kifua kama mlango wa ghala.

Mtoto mwenyewe alikuwa mrefu na mwembamba, shingo ya korongo. Ilipofika zamu yake alisimama kama baba, akachezesha vidole kama baba, akalizungusha rungu kwa ule mzunguko mkubwa wa baba, na mpira ukapita chini yake. Akalizungusha tena. Akalizungusha mara ya tatu, na katika mchezo huu ukikosa mara tatu unarudi kuketi.

"Atajaa tu," Dutch aliwaambia wenzake, bila kujali nani anamsikia. "Mtazameni baba. Mpeni miaka mitatu ya nyama, huyu atakuwa ukuta." Wenzake wakaitikia kama waumini.

Ndivyo kazi yao ilivyo. Kijana wa shule ni bidhaa ambayo haijaisha kutengenezwa, na anayenunua hununua mtu mzima ambaye bado hajafika. Basi msaka vipaji humtazama mzazi: mabega, viganja, unene wa vifundo vya miguu. Atamwomba baba mtu asimame, kisha amzunguke, na huku hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Cleve aliijua kazi hiyo kabla hajaijua besiboli. Babu yake, Ezra, alikuwa dalali kwenye mnada wa ng'ombe, na Cleve alikua akimsikia akiwaonya wanunuzi wageni: fahali hutoa jina, mifupa inatoka kwa jike. Ukishasikia sifa za fahali, nenda zizini ukamtazame mama.

Baadaye Cleve alicheza ligi ndogo mpaka goti likamkatalia, akauza magari makuukuu mjini Montgomery, akajifunza kusikiliza injini huku mwenye gari akimsimulia rangi, kisha klabu moja ikamkabidhi Alabama yote na nusu ya Mississippi. Kazi hiyo aliipenda kuliko alivyopenda kukiri. Na mwaka huu ilikuwa inamponyoka. Mkuu wake, Gordon Feld, alikuwa amempigia simu kipindi cha baridi na kumwambia bila kuzunguka kwamba vijana wa kompyuta wanasema eneo lake linaweza kutazamwa kwa video.

"Nipe mtu mmoja mwaka huu," Feld alisema. "Mmoja wa kunifanya niwaambie hapana."

Jumanne iliyofuata Feld alikuwa anakuja mwenyewe kumwona mtoto wa Radi. Na mtoto wa Radi hakuweza kuugonga mpira.

Zamu ya pili ya Dorian ilikuja wakati bibi mmoja mwenye fimbo amemfuata Royce pale kwenye uzio na kofia ya mjukuu wake. Royce akageuka ili amsainie. Cleve hakuwa akimwangalia Royce, alikuwa akimwangalia mtoto, na akamwona akitupa jicho kwenye uzio, akaukuta mgongo. Mikono ya kijana ikapanda juu kidogo kwenye rungu. Mabega yakashuka. Mpira ulipokuja aliugonga tu, chini chini, kuelekea upande ambao hapakuwa na mtu, akatimua mbio.

Cleve alibonyeza saa yake ya kupimia mbio. Alipoitazama alidhani amechelewa kubonyeza, maana muda ulikuwa mfupi mno. Kule nyuma ya wavu Dutch alikuwa anajimiminia kahawa. Royce alipogeuka, mwanawe alishasimama kwenye kituo cha pili akikung'uta vumbi, na hakuna aliyemuuliza amefikaje.

Zamu ya tatu Royce alikuwa anatazama. Rungu likazunguka kama mlango wa ghala kwenye upepo. Mtoto akarudi kuketi.

"Umeona?" mwanamke aliyekaa jirani na Cleve aliuliza, bila kugeuza kichwa. Alikuwa Yvette, mama yake Dorian.

"Nimeona mgongo wa mumeo, Dada Yvette," Cleve akasema. "Ni mgongo mzuri. Laiti angeuonyesha mara nyingi zaidi."

Yvette akacheka kwa pua. Alimwambia kwamba kila anayekuja humuuliza yeye Royce alikula nini alipokuwa kijana, na kwamba amechoka kusema viazi. Jumamosi kanisani kwao wangekaanga samaki. "Njoo uwaone watu wangu," akamwambia. "Hakuna aliyewahi kuja kuwaona."

Cleve alikwenda. Watu wa Yvette ni wana Bettis, na wana Bettis walikuwa wamejaa ua wa kanisa kama fito zilizosimamishwa. Kaka yake, Alton, tarishi aliyekaribia kustaafu, alisimama kwenye sufuria ya mafuta akigeuza samaki kwa koleo. Baba yao, Mzee Percy, aliyepita themanini, alikuwa juu ya ngazi akipigilia bati, na hakuna aliyekuwa akimshikia ngazi.

"Wewe ni mmoja wa wale wanaompima mpwa wangu," Alton alimwambia Cleve.

"Nimekuja kula samaki, ndugu."

"Samaki huliwa kwa mdomo. Wewe unawala kwa macho, tena unaangalia miguu yangu."

Watu wakacheka. Cleve hakukana. Alimtazama Alton akimaliza sahani ya tatu, akaanza ya nne, na tumbo lake likabaki kama ubao. Ndipo akamuuliza kama suruali aliyooa nayo bado inamwingia.

"Ndiyo hii," Alton akasema, akavuta mkanda kuonyesha nafasi iliyobaki. "Mke wangu anataka nizikwe nayo. Nimemwambia asubiri, bado mpya."

Cleve aliomba samaki wa pili, akaenda kula amekaa kwenye kivuli cha basi la kanisa, akifikiri. Hesabu ya wenzake wote ilikuwa imeharibika na hawakujua. Mtoto yule hatajaa, si kwa miaka mitatu wala kumi. Hatakuwa Radi. Ukimuuza kama Radi ni gari bovu. Ukimuuza kama alivyo, mguu ule, jicho lile, na mwili utakaokuwa bado unakimbia vijana wa rika lake watakapokuwa wanafunga barafu magotini, ni mali ambayo klabu hutafuta miaka. Kizuri chajiuza, lakini si kikiwekwa kwenye rafu isiyo yake.

Shida ilikuwa Jumanne. Feld angemwona mtoto mara moja tu, na angemwona baba kwenye uzio. Msaka vipaji hafundishi kijana wa mtu, huo ni mwiko, ukiuvunja hakuna kocha atakayekufungulia geti tena. Kocha wa shule naye hakuwa wa kusema neno, maana taa za uwanja na ubao wa matokeo vilitoka mfukoni kwa Royce. Akabaki mtu mmoja wa kujadiliana naye.

Jumatatu Royce alimpokea barazani kwa chai baridi yenye sukari nyingi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tundu la nyavu la mazoezi, ndani yake marungu yamepangwa kama bunduki. Royce akamuuliza amekuja kumpima mwanawe au kuta za nyumba.

"Nimekuja kukuomba kesho usije uwanjani," Cleve akasema.

Royce aliweka glasi chini taratibu. "Mzee Cleve, nimekuheshimu tangu nikiwa mtoto. Hebu rudia."

"Bosi wangu anakuja. Ukisimama pale kwenye uzio atakachokiona ni wewe, ila mwembamba, na unakosa mpira. Huyo sina haja ya kumuuza. Ninaye mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mwanao. Nilimwona Alhamisi, ulipokuwa unamsainia yule bibi kofia."

Royce akasema kwamba kila anachokijua mtoto yule amekijua katika tundu lile pale nyuma, asubuhi na jioni, tangu hajaweza kubeba rungu.

"Sibishi. Lakini miguu hukumpa wewe. Wewe hukuwahi kumkimbia mrushaji ukaiba kituo hata wangekuachia na taa imezimwa."

"Niliwahi," Royce akasema. "Mara mbili."

"Mara ya kwanza mrushaji alikuwa anafunga kamba ya kiatu."

Mdomo wa Royce ulitaka kucheka, akauzuia. Cleve akaendelea kabla haujafungika. Akamwambia habari ya Alton na suruali. Wana Bettis hawanenepi, akasema, na wewe umekaa nao mezani miaka ishirini, hili si geni kwako. Umemfundisha mtoto kupiga kwa mwili ambao hatakuwa nao.

"Jina langu ndilo lililomfungulia mlango," Royce akasema, na sasa sauti ilikuwa chini. "Bila jina hilo wewe na wenzako mngekuwa mnakula vumbi kwingine."

"Ni kweli. Mlango umefunguka. Sasa umesimama katikati yake."

Royce aligeuza uso kuelekea lile tundu la nyavu. Mnadani Cleve alikuwa amefundishwa kwamba mnunuzi akinyamaza, dalali hufunga mdomo, maana neno moja zaidi humrudisha nyumbani. Akamaliza chai yake, akashukuru, akaondoka bila ahadi yoyote.

Jumanne Feld alifika na gari la kukodi, akaungana na wale nyuma ya wavu. Cleve aliketi kwa akina mama, akatazama kwenye uzio. Hapakuwa na mtu. Akapumua. Kisha akatazama getini, na pumzi ikarudi ilikotoka.

Royce alikuwa amekuja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya meza ya karanga za kuchemsha, kalamu mkononi, mgongo wake mzima kaupa uwanja, na mbele yake foleni imefika hadi kwenye magari. Huyu ndiye Royce aliyejulikana kwa kusaini vitu vichache na kuaga. Leo alisaini kofia, mipira, fulana, plasta ya mkono uliovunjika, na mtu akimaliza alimwambia amlete na mwenzake. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ya mtu aliye kwa kinyozi, anayekatazwa kusogea.

Dorian aliingia kwenye zamu yake, akatazama uzio, akaukuta mtupu. Akatafuta, mpaka macho yakafika getini. Alisimama akiutazama ule mgongo mpaka mwamuzi akamkumbusha kwamba watu wanasubiri. Ndipo mikono yake ikapanda juu kwenye rungu.

Aliugusa mpira tu, ukafia kwenye nyasi kama kifaranga, na mlinzi alipouokota kijana alishapita kituo cha kwanza. Mrushaji alipojiandaa kurusha tena, Dorian alikuwa njiani kuelekea cha pili, akajitupa kifudifudi, vumbi jekundu likapaa. Mwenzake akapiga mpira mfupi, wa kumfikisha mtu wa kawaida hatua moja mbele, lakini Dorian akazunguka hadi kituo cha nyumbani, anapoanzia mpigaji. Akina mama wakasimama. Yvette hakusimama, alikuwa ameshika mkono wa Cleve kwa kucha.

Kule getini, kila rungu lilipolia, mabega ya Royce yaliruka. Alikuwa akimuuliza aliye mbele yake kwenye foleni kumetokea nini, na kila mmoja alimpa habari tofauti.

Wale wa nyuma ya wavu walianza kufunga mashine zao mchezo haujafika nusu. Walikuja kuona mpira ukivuka ukuta, na haukuvuka. Pensacola kulikuwa na mrushaji wa kasi wa kumwona jioni ileile. Dutch alipita karibu na Cleve akijipangusa chavua.

"Mtoto wa Radi hana hata cheche," akasema. "Twende, nitakununulia kamba wa kukaanga njiani."

"Tangulia. Nimeshalipia karanga, siwezi kuziacha."

Dutch akaondoka na wenzake. Feld naye alitoka, funguo mkononi. Cleve hakumwita. Aliendelea kumenya karanga na kutazama mbele. Uwanjani mpigaji wa upande wa pili aliugonga mpira juu sana, mbali, kuelekea uzio wa nyuma. Dorian alishageuka kwa sauti tu ya rungu, akakimbia akiwa ameupa mpira mgongo, asiutazame hata mara moja, kisha akanyoosha glavu pale hasa ulipokuwa unataka kuangukia.

Kiti cha upande wa pili wa Cleve kililia. Feld alikuwa ameketi.

"Huyu si Lockridge," Feld akasema.

"Si Lockridge hata kidogo."

"Ni nani, basi?"

"Ni Bettis. Watu wa mama yake, huyu hapa. Mjomba wake hadi leo anavaa suruali aliyooa nayo."

Feld aliinama, akamsalimu Yvette kwa heshima, akamwangalia mikono na mabega, naye Yvette akamwacha aangalie. Feld akarudi kwa Cleve, sauti chini, akamuuliza ni nani mwingine aliyeona hivi.

Cleve alimsogezea mfuko wa karanga. "Nitakujibu. Kwanza tuzungumze habari ya eneo langu."

"Hapa? Sasa hivi?"

"Kesho bei itakuwa imepanda."

Feld akamwambia hakupaswa kuacha kuuza magari. Kisha akamwahidi mwaka mmoja. Cleve alimwonyesha kwa kidevu: mtoto alikuwa amefika tena kituo cha pili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Feld akasema miwili, na wale vijana wa kompyuta atawatafutia eneo jingine la kutazama. Wakapeana mikono juu ya karanga. Ndipo Cleve akamwambia kwamba wengine wote wako barabarani, wanakwenda Pensacola. Feld akaweka funguo mfukoni, akabaki hadi mchezo ulipokwisha.

Watu walipokuwa wanatawanyika, Cleve alipita getini. Foleni ilikuwa imekwisha. Mwenye karanga alikuwa anamwaga maji ya chumvi. Royce alikuwa bado ameketi vilevile, mgongo kwa uwanja, kalamu imefunikwa.

"Wamemaliza?" Royce akauliza.

"Wamemaliza."

"Amevusha ukuta?"

"Hakuvusha hata mmoja."

"Sasa yale makelele yote yalikuwa ya nini?"

"Geuka umuulize mwenyewe," Cleve akasema. "Huyo anakuja."

Royce alisimama kwa hatua mbili, magoti kwanza, kiuno baadaye, akageuka. Dorian alikuwa mbele yake, kifua chote chekundu kwa udongo, rungu begani. Katika miaka yake yote Royce hakuwahi kuchafua nguo hivyo, maana anayevusha ukuta hurudi nyumbani akitembea.

"Mama yako atakuua," akamwambia.

"Ndiyo, baba."

"Bosi wa Mzee Cleve alikaa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Royce alilitazama rungu lile, akanyoosha mkono. "Unashika wapi? Nionyeshe."

Kijana akamwonyesha. Royce akalishika hivyo, vidole vinene vimepanda juu, rungu likaonekana mikononi mwake kama mwiko wa jikoni. Akalizungusha mara moja, vibaya. Mwanawe akamsogeza kiwiko.

Cleve aliwaacha hapo, akaifuta chavua kwenye kioo cha gari. Feld alikuwa amempa neno la eneo, si la mtoto. Hilo lingeamuliwa mwezi wa saba, klabu zinapochagua vijana, katika chumba ambacho Cleve hangekuwamo. Lakini jina la kijana alikuwa ameshaamua litakavyoandikwa kwenye ripoti yake, juu kabisa, na bila neno hata moja kuhusu baba. Aliwasha injini, akaisikiliza kidogo kwa mazoea, akashika njia ya Pensacola. Dutch angetaka kujua kwa nini amechelewa, na barabara ilikuwa ndefu ya kutosha kutunga uongo wa maana.